Soma Karatasi Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kukusanya na Kukarabati Mabango ya Kale ya Filamu za Kutisha

Novemba 2017, bango moja la filamu Dracula ya mwaka 1931 liliuzwa kwenye mnada wa Heritage Auctions, Marekani, kwa dola 525,800. Miaka ishirini kabla yake, bango la The Mummy ya 1932 lilikuwa limeuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 453,500. Studio ya Universal haikuyachapa mabango haya ili yadumu. Yalikaa mlangoni mwa sinema siku chache, yakahamishiwa mji mwingine, yakatobolewa pini, yakapigwa jua na mvua, mwisho yakatupwa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wamarekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya viwanda, na mabango mengi yakaenda na mzigo huo. Yaliyosalia yalisalia kwa bahati. Moja la Frankenstein lilikutwa kwenye chumba cha projekta kilichozibwa kwa mbao, katika sinema ya Long Island, New York.

Bei hizo zisikutishe wala zisikupe tamaa. Mabango ya kutisha yapo ya kila mfuko, na kazi kubwa ya ukarabati inaweza kufanyika juu ya meza ya kawaida. Ila mtu anayeanza huvutwa na picha: macho ya Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula, makucha, damu. Mkusanyaji mzoefu huanza na karatasi. Karatasi ndiyo inayokuambia umri wa bango, kama ni halisi au la kughushi, na mkono wako unaruhusiwa kulifanyia nini. Mwongozo huu wote umesimama hapo.

Chagua kona yako

Usikusanye "filamu za kutisha" kwa jumla, utamaliza pesa kabla hujajua unachotafuta. Mabango ya Universal ya miaka ya 1930, mengi yakiwa yamesanifiwa chini ya uongozi wa msanii Karoly Grosz, yaache kwa matajiri. Ya miaka ya 1950, kama kazi za Reynold Brown aliyechora bango la Creature from the Black Lagoon (1954), nayo yamepanda sana. Uwanja wenye nafasi ni miaka ya 1970 na 1980, ambapo filamu ndogondogo ambazo hakuna azikumbukaye mara nyingi zina michoro mizuri kuliko filamu zenyewe.

Njia nyingine ni mabango ya marudio. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, kampuni ya Realart ilirudisha sinemani filamu za zamani za Universal kwa mabango mapya. Hayo ni halisi, ni ya kale, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya toleo la kwanza. Kuna pia mabango ya nchi nyingine kwa filamu ileile: ya Italia makubwa na yenye rangi kali, ya Ubelgiji madogo yanayotosha kwenye fremu ya kawaida, ya Poland ambayo wasanii wake walichora walivyojisikia bila kujali sura za waigizaji.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mimi ningependekeza uangalie Bombay. Filamu za Kihindi zilijaza sinema za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam kwa miongo mingi, na familia ya Ramsay ilitengeneza filamu za mizimu na majumba yaliyolaaniwa kuanzia Do Gaz Zameen Ke Neeche (1972) hadi Purana Mandir (1984) na zaidi. Mabango yake yamechorwa kwa mkono kisha kuchapwa, yana vurugu ya kupendeza, na bado hayajafikia bei za Hollywood. Ukisikia familia iliyowahi kumiliki sinema inauza vitu vya stoo, nenda na tochi.

Ghana ina ulimwengu wake: mabango yaliyopakwa rangi kwa mkono juu ya magunia ya unga, ya miaka ya 1980 na 1990, kwa ajili ya wenye video waliozunguka na jenereta. Hayo ni michoro juu ya kitambaa, na maelekezo ya karatasi yaliyomo humu hayayahusu.

Jifunze vipimo na maandishi ya chini

Bango la kawaida la mlangoni Marekani lilikuwa inchi 27 kwa 41. Katika miaka ya 1980 lilipungua hadi inchi 27 kwa 40. Inchi hiyo moja imewaokoa wengi: mtu akikuuzia bango la "1958" lenye urefu wa inchi 40 kamili, muulize inchi nyingine imekwenda wapi. Kadi za ukumbini ni inchi 11 kwa 14, kwa kawaida nane kwa seti. Kuna bango jembamba la karatasi ngumu la 14 kwa 36, la kulala la 22 kwa 28, na kubwa la 41 kwa 81 lililochapwa vipande vipande. Uingereza walitumia bango la kulala la inchi 30 kwa 40, ambalo wakusanyaji huliita kwodi. Filamu za Hammer, studio ya Uingereza, kama The Curse of Frankenstein ya 1957, utazikuta zaidi kwa umbo hilo.

Sasa shuka chini kwenye pambizo. Kuanzia mwaka 1940 kampuni ya National Screen Service ilisambaza mabango ya studio nyingi za Marekani, na iliyapa namba kwenye kona ya chini kulia: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Ukiona 57/ ujue ni ya 1957. Ukiona herufi R mbele ya mwaka, ni toleo la marudio. Namba hizi ziliendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Jirani yake mara nyingi kuna onyo kwamba bango ni mali ya kampuni na lazima lirudishwe baada ya maonyesho, jambo linaloeleza kwa nini hayakubaki mengi mikononi mwa watu.

Halafu mikunjo. Mabango ya Marekani ya kabla ya miaka ya 1980 kwa kawaida yalikunjwa kabla ya kutumwa kwenye sinema: mara moja kwa urefu na mara tatu kwa upana, yakawa mapande manane. Mikunjo hiyo ni dalili ya kawaida, si kasoro. Bango la 1965 lisilo na alama yoyote ya mkunjo huenda ni adimu kweli. Mara nyingi zaidi limechapwa juzi.

Kagua uhalisi

Nunua kioo cha kukuzia mara kumi na taa ndogo ya miale ya zambarau, ile inayoitwa UV. Vyote viwili vinauzwa bei nafuu.

Kwa kioo, tazama sehemu ya rangi laini, kama shavu au anga. Mabango mengi ya miaka ya 1930 yalichapwa kwa litografia, yaani kwa mchoro uliowekwa juu ya jiwe au bamba, na rangi zake huonekana kama chembechembe zisizo na mpangilio. Yaliyofuata, ya ofseti, yana vitone vilivyopangika kwa safu. Printa ya kisasa hutawanya vitone vidogo mno kama vumbi la rangi. Kisha soma majina madogo ya chini: mtu akipiga picha bango halisi na kulichapa upya, herufi hizo hupoteza makali, na mikunjo iliyomo ndani ya picha huonekana bila kuhisiwa na kidole.

Taa ya zambarau itumie gizani. Kuanzia takriban miaka ya 1950 viwanda vya karatasi vilizoea kutia kemikali za kung'arisha, na karatasi hizo hutoa mwanga wa bluu-nyeupe chini ya taa. Bango la 1932 linalong'aa hivyo lote lina maswali ya kujibu. Likiwa linang'aa sehemu chache tu, umepata ramani ya mahali fundi alipogusa.

Jihadhari hasa na bango ghali lililokwisha kubandikwa kwenye kitambaa. Kubandika ni kazi halali, lakini kunaficha mgongo wa karatasi, na wakusanyaji waliwahi kuuziwa mabango ya Universal ya kughushi yaliyofichwa kwa njia hiyohiyo. Omba picha za bango kabla halijabandikwa. Muuzaji asiyekuwa nazo hana kosa la moja kwa moja, ila bei yake ishuke.

Kununua

Kwenye mnada, bei ya nyundo, yaani ile dalali anayofungia mnada, siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo katika nyumba kubwa hufika asilimia 20 na zaidi, halafu usafirishaji, bima, na ushuru wa nyumbani pamoja na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania Bara asilimia 18. Piga hesabu yote kabla hujanyoosha mkono. Bango lililokunjwa lisafirishwe bapa kati ya maboksi mawili magumu. Lisilokunjwa liende ndani ya bomba nene, likiwa limezungushwa kwa ulegevu, na lililo kwenye kitambaa lisikunjwe kamwe.

Muulize muuzaji maswali haya kwa maneno haya: limepakwa rangi wapi, limekatwa pambizo, limeoshwa, lina selotepu? Neno "hali nzuri" halina maana mpaka akujibu.

Kabla hujaligusa

Nunua karatasi za mazoezi: kalenda za zamani, magazeti ya miaka ya nyuma, mabango ya kampeni. Zichane makusudi, zibandike selotepu, ziache mwezi, kisha jaribu kuzirudisha. Asiyeweza kuziba mchaniko wa kalenda asiguse bango.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Brashi pana yenye manyoya laini. Sponji kavu ya mpira ya kufutia masizi. Raba nyeupe ya plastiki na kikwaruzo cha kuisagia. Karatasi nene za kunyonya maji, zisizo na asidi. Kitambaa chembamba cha poliesta kisichoshika gundi. Karatasi ya Kijapani ya kozo, yaani ya nyuzi ndefu za gome la mti, ya uzito mbalimbali. Wanga wa ngano. Uzito: vioo vyenye kingo zilizosagwa, au matofali yaliyofungwa kwa nguo safi. Maji yawe yale yaliyosafishwa kwa kukenekwa, yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana rafu hiyohiyo huwekwa pia asidi ya betri.

Bango likifika, lipige picha mbele, nyuma, na kila dosari kwa karibu. Likiwa na dalili za wadudu, lifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni isiyopitisha hewa, uliweke kwenye friza wiki mbili, kisha uliache ndani ya mfuko mpaka lipate joto la chumba ndipo ulifungue. Kama lina ukungu, likaushe kwanza mahali penye hewa. Ukungu mkavu hupanguswa kwa brashi nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa nzuri. Ukungu mbichi ukiupangusa unausugulia ndani ya nyuzi.

Usafi mkavu

Hapa ndipo bango hubadilika zaidi kwa hatari ndogo zaidi, na ndipo watu wengi hukosa subira. Laza bango juu ya karatasi safi. Pangusa vumbi kwa brashi kutoka katikati kwenda nje, usirudi nyuma, kwa sababu ukivuta kuelekea ndani utanasa ukingo uliochanika. Fuata na sponji kavu, ukiigonga na kuivuta taratibu, na ukate upande mpya unapochafuka. Mwisho saga raba, nyunyiza unga wake kwenye pambizo na mgongo, uuzungushe kwa ncha za vidole bila kukandamiza, kisha upanguse wote. Juu ya wino mweusi mzito usitumie raba kabisa. Huacha mng'aro usioondoka.

Mihuri ya sinema na tarehe zilizoandikwa kwa kalamu mgongoni, ziache. Mimi hulipa zaidi kwa bango lenye muhuri wa sinema.

Maji, na kipimo chake

Chagua kila rangi iliyomo, weka tone dogo la maji mahali pasipoonekana, subiri dakika moja, kandamiza karatasi ya kunyonya. Ikitoka hata kivuli cha rangi, maji ni marufuku. Nyekundu za zamani na wino wa mihuri ndizo korofi zaidi.

Kuosha bango zima ndani ya maji huondoa sehemu ya asidi na manjano, lakini karatasi ya mabango ni ya massa ya mti, dhaifu hata ikiwa kavu. Ikilowa, pande nane zilizoshikana kwa nyuzi chache huachana mikononi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye meza na vifaa. Dawa za kung'arisha za dukani, zile za klorini, usizikaribishe chumba kimoja na bango. Zinatoa weupe leo na kuacha karatasi inayovunjika kesho.

Selotepu

Plastiki yake ni rahisi, gamu ndiyo balaa. Selotepu ya zamani ikishakauka, plastiki hubanduka yenyewe ukipitisha kisu butu chembamba kikiwa kimelala, au ukiipasha kwa mashine ya kukaushia nywele kwa moto mdogo. Vuta tepu kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe, polepole, kamwe usiivute juu. Gamu iliyobaki ikiwa bado inanata, isokote kwa kipande cha raba ya krepu, yaani mpira mbichi unaoshika gamu. Iliyokwisha kuingia kwenye nyuzi na kuacha doa la kahawia inahitaji viyeyushi kama asetoni, vinavyoweza kuyeyusha wino na kuwaka moto. Nasema wazi: doa la tepu la mgongoni lisiloonekana mbele ni bora likae.

Kunyoosha na kuziba

Chukua beseni pana la plastiki lenye kifuniko, weka taulo zilizolowa chini, juu yake waya au wavu uliofunikwa kitambaa cha poliesta, kisha bango, kisha kifuniko. Unataka karatasi inyonye unyevu wa hewa, isiguse maji. Ikague kila baada ya dakika kumi na tano. Ikilegea, ihamishie kati ya karatasi mbili za kunyonya, ubao juu, uzito juu ya ubao. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya nusu saa, tena baada ya saa kadhaa, kisha liache siku chache. Mikunjo ya kiwandani itabaki kama mistari, usiitafutie kutoweka.

Gundi pika mwenyewe. Sehemu moja ya wanga wa ngano, tano za maji. Loweka nusu saa, pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha kwa dakika ishirini hadi thelathini, mpaka ibadilike kutoka nyeupe na kuwa ya kupenyeza mwanga. Ipoe, ichuje kwa kitambaa, izimue mpaka iwe nyepesi kama mtindi. Itumie ndani ya siku chache na iweke kwenye friji. Usitumie unga wa ngano wa chapati: protini yake inaita wadudu na inageuka njano. Gundi nyeupe ya mbao, supergluu, na tepu zinazodai ni za vitabu ziache dukani. Kigezo ni kimoja, kazi yako iweze kutolewa kwa maji na fundi atakayekuja baada yako.

Karatasi ya Kijapani usiikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi iliyolowa maji, kisha ivute ichanike hapo. Nyuzi za pembeni zitabaki zimejitokeza, na ndizo zinazoshika bila kuacha ukingo unaoonekana upande wa pili. Upana wa milimita nane hadi kumi unatosha. Panga kingo za mchaniko kwanza kwa kuangalia picha ya mbele, geuza bango kwa kulibana kati ya mbao mbili, paka gundi nyembamba kwenye ukanda, laza, funika kwa poliesta na karatasi ya kunyonya, weka uzito. Makutano ya mikunjo ndiyo hutoboka kwanza, hivyo yape viraka vya duara hata kama bado hayajatoboka.

Rangi

Paka palipopotea karatasi, basi. Kiraka cha karatasi ya Kijapani kilichojaza tundu ndicho kinachopokea rangi, na wino wa asili usiguswe hata ukiwa umefifia. Tumia rangi za maji au penseli za rangi, anza na rangi nyepesi kuliko unayoilenga, na uache ikauke kabla ya kuamua. Lenga mtu asione akiwa hatua mbili mbali, lakini aone akisogeza pua. Kupaka upya uso mzima wa Boris Karloff, nyota wa Frankenstein na The Mummy, ili bango "liwe jipya" ni kuharibu ushahidi.

Kazi ya fundi

Bango lenye vipande vilivyoachana, au lenye thamani inayokukosesha usingizi, lipelekwe kubandikwa kwenye kitambaa. Fundi huwamba pamba nzito kama marekani nene, hubandika juu yake karatasi isiyo na asidi, ndipo bango lenyewe hubandikwa kwa gundi ya wanga na kukaushwa taratibu likiwa limewambwa. Kadi na mabango ya karatasi ngumu hubandikwa kwenye karatasi badala ya kitambaa. Muulize kama gundi inatoka kwa maji. Akitaja kubandika kwa joto au kulaminisha, chukua bango lako uondoke.

Kuhifadhi, hasa pwani

Karatasi inapenda unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Unyevu wa hewa Unguja au Mombasa hupita hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ukishavuka takriban 65 ukungu unaanza kazi. Nunua kipima unyevu kabla ya fremu. Chumba cha ndani kisichogusa ukuta wa nje, droo bapa ya chuma, bango ndani ya bahasha ya poliesta safi au folda isiyo na asidi, vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vinavyokaushwa mara kwa mara, na droo iliyoinuliwa kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa. Mende na vile vijidudu vyembamba vya rangi ya fedha hufuata gundi, kwa hiyo mabango uliyoyaziba ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Anayeishi Nairobi ana nafuu kubwa hapa.

Ukitaka kulitundika, tumia akriliki inayozuia miale ya zambarau, weka nafasi kati yake na bango, na uchague ukuta usiopata jua. Makumbusho huweka mwanga wa karatasi karibu na luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), yaani hafifu kuliko sebule ya kawaida. Rangi iliyofifia hairudi, hivyo badilisha mabango ukutani kila baada ya miezi michache.

Kila bango liwe na folda yake: risiti, picha za kabla na baada, gundi na karatasi ulizotumia, mahali ulipopaka rangi. Siku ya kuuza, folda hiyo mkabidhi mnunuzi pamoja na bango, na kila ulichorekebisha kiandike kwenye tangazo lenyewe kabla hajauliza.